Jibu sahihi, alama 1 kati ya 15, halafu naulizwa "umeoteshwa?"

DawatiLaNyuma (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka darasani sasa hivi, mikono inatetemeka, kwa hiyo msianze kunisahihisha herufi.

Yule bwana wa aljebra mnamjua. Simtaji. Aliyepita mikononi mwake ameshaelewa, na ambaye hajapita aendelee kumshukuru Mungu wake. Leo karudisha testi. Swali la 4: √(x + 7) = x − 5, tafuta x. Nikalitazama, nikaona 9. 9 ukijumlisha 7 ni 16, kipeuo chake 4. 9 ukitoa 5 ni 4. Kwisha habari. Nikaandika x = 9, nikapiga mistari miwili chini, nikasonga mbele kama mtu mwenye akili zake.

Alama 1 kati ya 15. Na pembeni, kwa ile kalamu yake nyekundu, herufi za kusomeka kutoka mwezini: "Jibu umeoteshwa?"

UMEOTESHWA. Mimi!

Ingeishia kwenye karatasi ningemeza. Lakini kaishika karatasi yangu juu, kaisoma kwa sauti, darasa zima: "Tunaye mganga humu, majibu anaoteshwa." Watu walicheka mpaka feni ikasimama. Kuna jamaa anakaa mstari wa mbele hajawahi kucheka tangu azaliwe. Alicheka.

Nikamuuliza kwa adabu, samahani, kwani 9 siyo jibu? Akasema ni jibu. Sasa hizo 14 zimekwenda wapi? "Zimelala, zinasubiri kuota." Darasa likaanza upya kucheka.

Na silabasi yake yenyewe tuiache kwanza. Mazoezi ya kila wiki, maswali mpaka kidole kinaota sugu, yana 10% tu. Testi mbili 40%, mtihani wa mwisho 50%. Yaani usiku wote tunaokesha ni 10%, na kuoteshwa kwangu kuna uzito kuliko mazoezi ya mwezi mzima. Ila siyo hoja. Hoja ni kwamba KAISOMA KWA SAUTI.

Binti_Desimali

"Zinasubiri kuota" 😂😂😂 nimecheka peke yangu mbele za watu. Pole sana mkuu. Ila tuambie ukweli, umeoteshwa au hujaoteshwa?

HatuaKwaHatua

Mtoa mada, ukipandisha pande zote kwa kipeo cha pili unapata x + 7 = x² − 10x + 25. Ukipanga inakuwa x² − 11x + 18 = 0, na majibu ni mawili, 9 na 2. Sasa weka 2 kwenye mlinganyo wa mwanzo: kushoto 3, kulia hasi 3. Haikubali. Hilo 2 ni jibu feki, limezaliwa pale ulipopandisha. Swali zima lilitungwa kuona kama utalikamata na kulitupa nje. Wewe hata hukukutana nalo.

DawatiLaNyuma

Nilitupe nje wakati kwangu halikuingia? Mgeni hajapiga hodi, nimfukuze? Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

Halafu ndugu, sibishii hatua. Nabishia namna alivyoishika ile karatasi. Juu, kwa vidole viwili, kama kitu kilichookotwa.

MzeeWaLogi

Mdogo wangu, mimi niliwahi kufanya swali ukurasa na nusu, hatua zote zimenyooka, nikasahau ile alama ya kutoa (−) mstari wa tatu. Sifuri. Wewe huna hatua hata moja umepata 1. Kwa hesabu zangu mimi umeiba.

ChakiNyeupe

Hiyo 1 yenyewe ni ya nini? Ya jina?

DawatiLaNyuma

Ya mistari miwili chini ya jibu. Niliipiga kwa rula.

Mjuaji_Mkuu

Al-Khwarizmi, yule mwanahisabati wa aljebra, Baghdad, karne ya 9, hakuwa na x wala alama ya kipeuo. Milinganyo yote aliieleza kwa maneno, hatua kwa hatua, na michoro ya miraba kuthibitisha. Wewe umepewa x bure, umepewa alama ya kipeuo bure, unashindwa kuandika mistari minne?

Binti_Desimali

Na huyohuyo majibu hasi hakuyataka kabisa. Angekuja kwa bwana wetu naye angekula sapu, arudie mtihani.

Mjuaji_Mkuu

Hilo kweli. Ila mtoa mada anaweza kujitetea kwa Tartaglia, mwanahisabati wa Italia. Njia yake ya milinganyo ya kipeo cha tatu aliificha kabisa, akampa mwenzake Cardano peke yake, tena kwa shairi, baada ya kumlisha kiapo. Cardano akaichapisha 1545, wakawa maadui. Mwambie unalinda njia yako isichapishwe.

DawatiLaNyuma

Asante kwa historia. Bado hakuna aliyezungumzia NENO MGANGA. Mbele ya watu. Kuna mtu baada ya kipindi kanifuata kuniuliza namba za bahati nasibu, na hakuwa anatania.

KalamuNyekundu

Mimi nasahihisha karatasi za namna hii. Mwongozo wa swali kama hilo hugawa alama kwa njia: kupandisha, kupanga, kutafuta vigawo, kuhakiki majibu yote mawili, kukataa lisilofaa. Jibu lenyewe hubaki na alama chache sana. Na ukikutana na "x = 9" peke yake usiku wa manane, halafu karatasi inayofuata nayo "x = 9" peke yake, na ya tatu pia, hutafikiria kwamba wote watatu wana vipaji.

DawatiLaNyuma

NI YEYE. Wakuu ni yeye, yumo humu. Hata jina la kalamu.

ChakiNyeupe

Shikamoo mwalimu.

Binti_Desimali

Shikamoo mwalimu, naomba uniangalizie swali la 6, nadhani kuna alama 2 zangu zimesahaulika.

KalamuNyekundu

Siyo mimi jamani. Mimi nafundisha kalkulasi.

MzeeWaLogi

Shikamoo mwalimu wa kalkulasi. Huko nako tuna la kusema.

MtoroWaKipindi

Samahani, nyie mnasahihishwa na binadamu na bado mnalia? Sisi mazoezi yote ni kwenye mfumo wa kompyuta, wenyewe ndio unasahihisha. Juzi nimejibu √8. Ukaniandikia: "Si sahihi. Jibu sahihi ni 2√2." Nimekaa nimetazama ile skrini kama mtu aliyepigwa kofi na mashine. Ni kitu kilekile! Huwezi kuuliza, huwezi kukata rufaa, na mwalimu ukimfuata anakwambia "mfumo ndio umesema."

Sumaku

Wa kwetu umekataa x > 3 kwa sababu unataka mabano, (3, ∞). Nikaweka mabano. Ukakataa kwa sababu niliweka nafasi baada ya mkato. NAFASI. Sina hatia yoyote mimi, kidole gumba kiligusa tu.

Binti_Desimali

Mimi 0.5 imekataliwa, inataka 1/2. Swali lililofuata nikaandika 1/3, likakataliwa, linataka desimali mbili. Nimelala na viatu siku hiyo.

HatuaKwaHatua

Kusema kweli "andika kwa umbo rahisi kabisa" huwa imeandikwa juu ya swali...

MtoroWaKipindi

Wewe nyamaza, huwa hulali na viatu.

DawatiLaNyuma

Wakuu, uzi ni wa kuoteshwa. Tusitoke kwenye mstari. Alishika karatasi juu

Sumaku

Tumesikia mkuu, kwa vidole viwili. Sasa nani hapa amefanya takwimu na kazi ya kundi? Kwa sababu kuna mtu jina lake lipo ukurasa wa mbele, la kwanza kabisa, na mchango wake ulikuwa kutuma "👍" siku ya mwisho. Tumepata alama sawa.

ChakiNyeupe

Kwetu huyo ndiye aliyewasilisha. Alisimama mbele kuelezea wastani na mkengeuko, akaulizwa swali, akasema "hilo mwenzangu ataelezea." Mwenzake ni mimi. Na mimi sehemu yangu ilikuwa jedwali.

MzeeWaLogi

Bora aliwasilisha. Wa kwetu alinakili kazi ya kundi lingine na kusahau kufuta majina yao.

KalamuNyekundu

Hilo huwa tunaliona, msidhani hatuoni.

Sumaku

Mwalimu bado upo?

Binti_Desimali

Jamani, zoezi la wiki hii mwisho ni leo saa 5:59 usiku, sivyo? Kuna aliyefanya la 12, lile la logi? Nimepata x = −4 na x = 5.

HatuaKwaHatua

Weka −4 ndani ya logi uone kama inakubali. Logi haipokei namba hasi. Ni feki, baki na 5, ila andika sababu.

MtoroWaKipindi

Andika wapi? Mfumo umezima.

Sumaku

Kwangu pia.

ChakiNyeupe

Kwangu unafunguka, ila umenikaribisha kwa jina la mtu mwingine, na huyo mtu ana 94%. Nisiguse kitu?

MzeeWaLogi

Usiguse kitu.