Ameisugua kwa leso! Dola 5 ya mwaka 1803 imeharibiwa mbele ya macho yangu

Wakuu, ninaandika nikiwa bado nje ya ukumbi wa maonyesho ya sarafu hapa Philadelphia, na mikono inanitetemeka kwa hasira. Yule bwana wa meza ya pembeni, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa hakuna mkusanyaji wa dhahabu za zamani asiyemjua, ameisugua sarafu yangu kwa leso.

Nilimkabidhi dola 5 ya 1803, ile ya dhahabu ambayo ukiutazama mwaka wake kwa lenzi unaiona 2 ya 1802 ikichungulia chini ya 3, nikamwomba kwa adabu aishike ukingoni. Akaibana katikati kama mtu anayemenya karanga, akatoa leso iliyofuta jasho la ukoo wake mzima tangu enzi za Jefferson, akaanza kumsugua Bibi Uhuru, yule mwanamke aliyechongwa kwenye sarafu, shavuni huku akisema, "Ngoja tumnawishe uso huyu mama."

Kumnawisha! Sarafu hii ilinusurika miaka ambayo dhahabu yake ilizidi thamani ya dola 5 zenyewe, wenzake wakayeyushwa kwa wingi hadi sheria ya 1834 ilipopunguza uzito wa sarafu za dhahabu, halafu inakuja kukutana na leso. Ile rangi ya machungwa iliyotulia kandokando ya nyota imeondoka, na shavuni pamebaki mikwaruzo myembamba isiyofutika kamwe. Nilipopiga kelele, akaigeuza na kunionyesha mistari ya sambamba iliyo upande wa tai, akadai kwamba mimi ndiye niliyeanza kuikwangua, ilhali hizo ni alama za tupa za kiwandani, pale mafundi walipopunguza uzito wa kipande kabla hakijapigwa chapa. Kisha akaendelea kusugua. Wakuu, aliendelea!

Mpenda Tai: Pole sana, mkuu, lakini yule bwana anajulikana kutoka hapa hadi Boston, nawe ukampelekea sarafu ikiwa tupu, bila hata kijaluba. Ungempa na sabuni kabisa.

Dhahabu Safi: Mimi alinifukuzia mteja. Aliitafuta thamani kwenye dola 5 yangu ya 1800, na alipoikosa akatangaza kwa sauti kwamba hiyo ni medali, ingawa kila mtu anajua kwamba sarafu hizo hazikuandikwa thamani hadi 1807.

Mama Mizani: Nyinyi mna nafuu. Mimi niliuziwa na mwingine dola 10 ya 1799, nikaiweka kwenye mizani ikasoma gramu 16 badala ya 17.5, na muuzaji amekataa katakata kunirudishia fedha zangu.

Mwenye uzi: Naomba turudi kwenye leso, tafadhali. Aliisugua mbele ya watu!

Mpenda Tai: Tumesikia, mkuu. Mama, gramu moja na nusu haiwezi kupotea kwa kuchakaa tu. Hiyo yako ina nyota ngapi mbele ya uso?

Mama Mizani: Nne, baba.

Dhahabu Safi: Nne? Ya 1799 huwa na nyota 8 nyuma na 5 mbele. Tuwekee picha ya pande zote mbili, na ya ukingo pia, kabla hujamfuata tena huyo muuzaji.