Naomba ushauri: modeli ya mawimbi Bagamoyo haijali maji kupwa

Mwanapwani_B: Wakuu, habari zenu. Natengeneza modeli ya mawimbi ya ufukwe wa Bagamoyo kwa SWAN, ile programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Delft. Upepo nimetoa ERA5 (kumbukumbu za hali ya hewa za dunia nzima), kina cha bahari GEBCO (ramani ya kina cha bahari zote duniani). Upepo wa kusi ukishika, inanipa wimbi la mita 1 mbele ya soko la samaki kutwa nzima, hata saa ambazo wachukuzi wanateremsha samaki kwenye maji ya magotini. Nataka nijue kikija kimbunga maji yatafika wapi. Niongeze msuguano wa sakafu ya bahari?

Kipimamaji: Msuguano uache kwanza, mkuu. Bila shaka usawa wa maji umeufunga kwenye wastani. Kwetu bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) lina tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa. SWAN usipoigusa huvunja wimbi likifika 0.73 ya kina, kwa hiyo maji ya nusu mita hayawezi kubeba wimbi la mita 1. Ipe usawa unaobadilika saa kwa saa.

Nahodha Mstaafu: Mwanangu, na hicho kina ni cha wapi? Hapo mbele kuna mafungu ya mchanga tunayakwepa kila siku.

Binti Ruvu: Shikamoo nahodha, hapo umegonga penyewe. GEBCO imegawa bahari vyumba vya mraba, na upande wa chumba kimoja ni kama mita 450, fungu zima linamezwa. Tumia chati za mabaharia, ila angalia sana: chati huhesabu kina kuanzia maji yaliyopwa kabisa, GEBCO kuanzia wastani wa bahari. Ukizichanganya hivihivi unakosea karibu mita 2.

Kipimamaji: Kuhusu kimbunga, mgandamizo wa hewa ukishuka hektopaskali 1 bahari hupanda kama sentimita 1, kisha upepo unasukumia maji kwenye kina kifupi. Lakini saa ya kufika ndiyo inayoamua. Kimbunga Hidaya kilikaribia Mafia tarehe 3 na 4 Mei 2024, wakati wa maji mafu, yaani kujaa na kupwa ni kudogo. Mwezi mpya, unaoleta bamvua, ulikuwa tarehe 8. Irudie Hidaya ileile kwenye modeli, uicheleweshe siku tano, ulinganishe. Mimi naona hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mwanapwani_B: Ahsanteni kwa ushauri, wakuu, nashukuru sana. Vipimo vya kulinganishia kujaa na kupwa nipate wapi?

Binti Ruvu: Kipimo cha Zanzibar, kuanzia 1984, saa kwa saa. Chuo Kikuu cha Hawaii wanavitoa bure.