Chaja ya Lipo: nichukue ya wati 50 au wati 80? Naombeni ushauri

Bawa la Povu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nina ndege ya povu ya kurusha kwa rimoti, inayotumia Lipo (betri ya lithiamu polima) 3S, yaani seli tatu mfululizo, yenye uwezo wa mAh 2200; betri ninazo tatu. Nina pia gari la matope linalotumia 2S ya mAh 5000. Nikishaiva vizuri nataka kuhamia ndege kubwa, ya 4S mAh 5000.

Mpaka leo nachajia kile kichaja kidogo kilichokuja ndani ya boksi la ndege, chenye taa tatu. Unachomeka plagi nyeupe ya betri, ile yenye waya za kila seli, taa zikigeuka kijani unachomoa. Betri moja inakula karibu saa tatu. Kusubiri naweza, ila juzi ndege imeishiwa nguvu dakika ya nne ikiwa angani, wakati kwa kawaida naruka dakika saba bila wasiwasi. Nikaishusha kwenye majani, haikuumia. Nyumbani nikaichaji ile betri mpaka taa zote kijani, kisha nikachukua multimita nikapima seli moja moja: 4.20, 4.19, ya tatu 3.98. Kijani kote na bado seli moja iko nyuma kiasi hicho!

Sasa nimepata chaja mbili za kuchagua. Moja ni ya wati 50, ampea 6, inataka pawa saplai ya nje ya volti 11 hadi 18. Nyingine ni ya wati 80, ampea 6 vilevile, unaichomeka ukutani moja kwa moja au kwenye betri ya gari, ila bei yake iko juu. Muuzaji anasema ndogo inanitosha kwa sababu betri yangu kubwa ni ampea 5 na chaja inatoa 6. Ni kweli? Nawasilisha.

Fundi Waya

Mkuu, muuzaji amekupa nusu ya habari. Ampea za kwenye boksi ni kikomo kimoja, wati ni kikomo cha pili, na chaja inakwama kwenye kile kitakachofikiwa kwanza.

Chukua volti za betri ikiwa imejaa, zidisha kwa ampea unazotaka kuchajia. Seli ya Lipo ikijaa ni volti 4.2. Ampea tuchukulie 1C, yaani mAh 2200 unaichaji kwa ampea 2.2, na mAh 5000 kwa ampea 5. Gari lako: 8.4 mara 5, wati 42. Ndege yako ya sasa: 12.6 mara 2.2, kama wati 28. Mpaka hapo chaja ya 50 inamudu. Njoo kwenye hiyo 4S unayoitamani: 16.8 mara 5 ni wati 84. Chaja ya 50 itakupa ampea 3 tu hapo, hata boksi liandike 6 kwa herufi kubwa namna gani. Ya 80 itakupa ampea 4.7 na ushei, ambayo ni karibu kabisa na unachotaka.

Kwa hiyo mimi ningechukua ya 80. Chaja unanunua mara moja, betri ndizo zinazokuja na kuondoka.

Ila kabla ya yote, hiyo 3.98 imenishtua. Umepima zile betri nyingine mbili? Zote zichaji kwenye kichaja hichohicho, kisha pima. Ikiwa moja tu ndiyo ina seli nyuma, betri inaumwa. Zikiwa zote zina seli ya tatu nyuma, basi mgonjwa ni kichaja.

Gurudumu Nne

Naunga mkono ya 80, na naongeza la pawa saplai kwa sababu watu wengi wanaumia hapo. Chaja yenyewe inapoteza umeme kidogo kama joto. Ukitaka itoe wati 50 kamili, saplai iweze angalau 60 hadi 65. Mtu anaokota adapta ya volti 12 ampea 3, hiyo ni wati 36, halafu anashangaa chaja inajizima katikati. Na tafadhali usichomeke adapta ya laptop ya volti 19 kwenye chaja iliyoandikwa mwisho 18. Nimeona moja imekufa hivyo, ilitoa mlio mmoja tu na skrini haikuwaka tena.

Ukiweka gharama ya saplai nzuri juu ya ile chaja ndogo, tofauti ya bei itapungua sana. Fanya hesabu hiyo kabla hujaamua.

Mama Propela

Mdogo wangu, wati zimeshaelezwa vizuri, mimi nakuomba uangalie menyu ya chaja. Iwe na programu ya kuchaji kwa kusawazisha seli, yaani zote zimalize kwenye volti sawa, na iwe na programu ya kuhifadhi. Hii ya pili watu hawaiulizi dukani, na ndiyo inayorefusha maisha ya betri kuliko kitu kingine chochote. Lipo ikikaa imejaa wiki nzima kwenye kabati inachoka na kuvimba. Programu ya kuhifadhi inaipeleka kila seli kwenye volti 3.8 au 3.85, ikiwa juu inaishusha, ikiwa chini inaipandisha. Mvua ikighairisha safari ya uwanjani, jioni hiyohiyo betri zangu zinarudi 3.8.

Uwe na subira tu, chaja nyingi ndogo hushusha kwa wati 5 hivi. Betri ya 3S mAh 5000 iliyojaa inaweza kuchukua saa tano kufika hapo.

Halafu nikueleze kilichonipata, ili kisikupate. Nilikuwa nachaji betri ya transmita (rimoti ya mkononi), ambayo ni NiMH, aina nyingine kabisa na Lipo. Ilipojaa nikaitoa, nikachomeka Lipo ya 2S, nikabonyeza kuanza bila kubadilisha programu na bila kuchomeka plagi nyeupe. Programu ya NiMH inasubiri volti zishuke kidogo ndipo ijue betri imejaa. Lipo haifanyi hivyo, kwa hiyo chaja ikaendelea kusukuma kupita 4.2. Nilikuwa chumba hichohicho, hilo ndilo lililoniokoa. Harufu tamu ya kemikali ilinifikia kwanza, kugeuka naona betri imetuna kama mto wa sindano. Nikazima soketi, nikarudi nyuma, nikasimama na ndoo ya mchanga nusu saa nzima. Haikuwaka. Ilikuwa juu ya kigae na hapakuwa na kitu kingine karibu, na tangu siku hiyo sijachajia mahali pengine popote. Soma skrini kwanza: aina ya betri, idadi ya seli, ampea. Kila mara, hata kama umechaji mara elfu.

Bawa la Povu

Dada asante sana, umenifanya nihamishe meza ya kuchajia leo hii. Ilikuwa chini ya pazia.

Fundi, nimepima. Betri ya pili: 4.20, 4.20, 4.01. Ya tatu: 4.19, 4.20, 3.99. Seli ya tatu kwenye zote!

Fundi Waya

Basi mgonjwa umempata. Kile kichaja kina njia tatu ndani, kila moja inachaji seli yake, na njia ya tatu inakata mapema. Usikitumie tena hata kwa dharura.

Na hii ndiyo sababu ndege ilikata tamaa. Kontrola ya mota kwa kawaida inasoma volti za betri nzima, seli moja moja haizioni. Tuseme imewekwa ikate kwenye 9.9, ambayo ni 3.3 kwa kila seli. Seli mbili zikiwa na 3.5 na ile dhaifu ikiwa na 2.9, jumla ni 9.9 ileile. Kontrola inaona kila kitu kiko sawa hadi dakika hiyo, kumbe seli moja imeshashuka chini ya 3.0 na inaumia. Kila ulivyoruka ulikuwa unaikamua seli ya tatu.

Chaja yako mpya ikiwa inapima ukinzani wa ndani kwa miliohm, pima betri zote tatu siku ya kwanza; seli yenye namba kubwa kuliko wenzake ndiyo iliyochoka.

Rubani Mpya

Samahani kuingilia. Betri yangu imeandikwa inaweza kuchajiwa 5C. Nikinunua chaja kubwa si naichaji kwa dakika kumi na kitu?

Fundi Waya

Lebo inaruhusu, mimi siruhusu. Na hata kwa 5C haiendi kwa hesabu hiyo, kwa sababu seli zikifika 4.2 chaja inashikilia volti na ampea zinaanza kupungua zenyewe hadi mwisho. Hicho kipande cha mwisho hakiharakishwi. Kaa kwenye 1C, ukibanwa sana 2C, na ushike betri kwa mkono: ikipata joto wakati wa kuchaji, punguza.

Bawa la Povu

Mrejesho wakuu. Nimechukua ya wati 80. Nimechaji zote kwa kusawazisha, ampea 2.2, na kila moja imemaliza ikiwa na 4.20 kwenye seli zote tatu. Ya kwanza ilichukua saa moja na dakika chache. Nilikaa kando yake naangalia namba za seli ya tatu zikipanda taratibu kuzifuata zenzake, sikuweza kuondoka.

Ukinzani: betri mbili ziko 6, 6, 7 na 6, 7, 8. Ile iliyoniangusha dakika ya nne ni 6, 7, 19.

Mama Propela

Hizo mbili zimenusurika, ruka nazo, ila weka kipima muda dakika tano kwanza kisha pima zikitua. Ukikuta 3.7 au zaidi kwa kila seli, ongeza dakika moja.

Hiyo ya 19 usiipeleke angani tena. Ishushe chaji yote taratibu, funika ncha za waya kwa tepu, moja moja, zisigusane, na uipeleke wanakopokea betri chakavu. Usiitupe kwenye pipa la taka za nyumbani.