Tuueleze vipi mradi wa ITER kwa wageni bila kuwaahidi tusichonacho?

Mwanafunzi wa Aix aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasoma shahada ya uzamili ya fizikia mjini Aix-en-Provence, si mbali na Saint-Paul-lez-Durance, mahali unapojengwa ITER, mtambo wa kimataifa wa kujaribu kupata nishati kwa kuunganisha viini vya atomu. Jumuiya moja ya wazungumzaji wa Kiswahili mjini Marseille, wengi wao Wakomoro na Wakongo, imeniomba nizungumze nao kwa nusu saa kabla hawajaenda na watoto wao kulitembelea eneo la ujenzi. Nilifungua maelezo yangu kwa sentensi hii: "ITER itatumia megawati 50 na kuzalisha megawati 500, yaani mara kumi ya inachokula." Nilipomsomea mama mmoja wa jumuiya hiyo, alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, bili ya umeme itashuka lini?"

Sikuwa na jibu. Tarakimu zangu zote nilizitoa kwenye maelezo ya mradi wenyewe, lakini zilimpeleka mahali ambapo sikukusudia aende. Naomba mnisaidie: hiyo "mara kumi" niieleze vipi? Neno nyuklia nilitumie au nilikwepe? Na kuchelewa kwa mradi nikutaje mwenyewe, au nisubiri kuulizwa?

Mwalimu wa Fizikia, Morogoro alijibu:

Ndugu yangu, huyo mama amekufaa sana, kwa sababu ameyasikia maneno "kutumia" na "kuzalisha" kama anavyoyasikia kila anayelipia umeme. Megawati 50 ni joto litakaloingizwa ndani ya utegili, ile gesi ya moto kupindukia ambayo atomu zake zimevuliwa elektroni, na megawati 500 ni joto linalotarajiwa kutoka humo viini vya deuteri na triti, aina mbili nzito za hidrojeni, vitakapoungana. Hesabu ya mara kumi inaishia hapo, ndani ya utegili. Kituo kizima, pamoja na pampu zake na mitambo ya kuzipoza sumaku hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, kitahitaji umeme wa megawati 110 kwa mfululizo, na majaribio yakiendelea mahitaji hayo yanaweza kupanda hadi megawati 620 kwa vipindi vya sekunde 30. Tena ITER haikuwekewa mtambo wa mvuke wala jenereta ya kuligeuza joto hilo kuwa umeme. Joto litabebwa na maji na kuachiwa hewani. Ni maabara, na wageni wako waambiwe hivyo tangu sentensi ya kwanza.

Darasani mimi hutumia uniti za LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, kwa kuwa hakuna mwanafunzi asiyejua uniti kumi zinaisha kwa haraka kiasi gani. Chukua jaribio la maabara ya taifa ya Lawrence Livermore, Marekani, la tarehe 5 Desemba 2022. Leza zilikipiga kidonge cha fueli kwa megajuli 2.05, na muungano wa viini ukatoa megajuli 3.15. Hizo 3.15 hazifiki hata uniti moja, kwa kuwa uniti moja ni megajuli 3.6. Zinatosha kuchemsha ndoo ya maji ya lita 10. Leza zenyewe, ili ziweze kufyatuka, zilivuta kutoka kwenye gridi takriban megajuli 300, yaani uniti 83 hivi. Tangazo la tarehe 13 Desemba lilikuwa la haki kabisa, kwamba nishati iliyotoka ilizidi ile ya mwanga wa leza, na hayo yalikuwa mafanikio makubwa ya sayansi. Hata hivyo, msomaji aliyeishia kwenye kichwa cha habari aliamini kwamba mtambo umeanza kujilipa.

Ukiziandika uniti 83 upande mmoja wa ubao na ile isiyotimia moja upande wa pili, usiogope kwamba utawavunja watu moyo. Wanafunzi wangu, badala ya kukata tamaa, huanza kuuliza kwa nini leza zinapoteza umeme mwingi hivyo na kama zinaweza kuboreshwa. Hapo ndipo somo linapoanza. Kisha waeleze habari za JET, mtambo wa muungano wa viini wa Culham, Uingereza, ambayo mwaka 2023, katika majaribio yake ya mwisho, ilitoa megajuli 69 kwa muda wa sekunde tano hivi, kutokana na miligramu 0.2 tu za fueli. Ni joto la uniti 19, kutoka kwenye kitu ambacho ukikiweka kiganjani hutakiona.

Mwandishi wa Habari za Sayansi, Mombasa alijibu:

Naunga mkono ya Mwalimu, nami nijibu kuhusu ucheleweshaji. Utaje mwenyewe, mapema, kwa tarehe. Mpango wa zamani ulisema utegili wa kwanza ungepatikana mwaka 2025. Mwezi Novemba 2022 mradi ulitangaza kwamba umegundua nyufa kwenye mabomba ya kupozea ya ngao za joto, na kwamba kingo za vipande vya chombo cha ombwe hazikulingana na vipimo vilivyotakiwa ili viunganishwe kwa kuchomelewa. Mwezi Julai 2024 ratiba mpya ilielezwa hadharani: utafiti uanze 2034, na majaribio ya deuteri na triti 2039. Mtoto wa miaka kumi utakayekuwa naye siku hiyo atakuwa mtu mzima, na ana haki ya kulijua hilo. Mgeni akizipata habari hizi kwenye simu yake baada ya kuagana nawe, hatakuamini tena hata kwa yale uliyoyasema kwa usahihi.

Historia ya fani hii inatuonya. Mwezi Januari 1958 watafiti wa Harwell, Uingereza, walitangaza matokeo ya mtambo wa ZETA, na kiongozi wao John Cockcroft akawaambia waandishi kwamba ana uhakika wa asilimia 90 kuwa nyutroni, zile chembe zisizo na chaji zilizopimwa, zimetokana na muungano wa viini. Magazeti yakashangilia. Ilipofika Mei ilibidi dai lile liondolewe. Linganisha na Wasovieti: mwaka 1968 walisema T-3, tokamaki yao, yaani mtambo wa umbo la bangili unaoushikilia utegili kwa sumaku, imefikia joto ambalo wenzao wa Magharibi hawakulisadiki, nao wakawakaribisha Waingereza wa Culham waende Moscow na vifaa vyao vya leza wapime wenyewe. Mwaka 1969 vipimo vikathibitisha, na maabara nyingi duniani zikageukia tokamaki. Huo, kwangu mimi, ndio uenezi bora kuliko wote uliowahi kufanywa katika fani hii: kumpa mwenye shaka kipimo mkononi, tena wakati wa Vita Baridi.

Mkalimani wa Brussels alijibu:

Nyuklia litamke bila kusitasita. Jina la ITER lenyewe lilitokana na herufi za maneno ya Kiingereza yaliyokuwa na "thermonuclear", yaani nyuklia ya joto kali, ndani yake. Leo mradi hupendelea kulieleza kwa maana yake ya Kilatini, "njia". Sioni ubaya wa jina zuri, lakini ukilificha neno, atakayelifichua atakuwa mtu mwingine, na kwa sauti yake. Sema "muungano wa viini" na uutofautishe na "mpasuko wa viini" wa vinu vya leo. Eleza kwamba fueli iliyomo ndani kwa wakati wowote ni gramu chache, na hitilafu ikitokea utegili hupoa na kuzimika. Papo hapo eleza kwamba triti ni ya mnururisho, yaani hutoa miale, nusumaisha yake (muda wa nusu yake kuoza) ni miaka 12.3, na kwamba nyutroni zitazifanya kuta za mtambo ziwe taka za kutunzwa. Nimekalimani mikutano ya wakazi ambapo mtaalamu alisema nusu ya kwanza tu. Maswali yote ya jioni ile yalihusu nusu ya pili.

Mwanafunzi wa Aix alijibu:

Nawashukuru sana. Ufunguzi mpya unasema: "Mtaona maabara ya nyuklia ambayo haitapeleka umeme nyumbani kwa yeyote. Inajengwa ili kujaribu kama umeme wa megawati 50 ukiingia ndani ya utegili unaweza kutoa joto la megawati 500. Majaribio hayo yenyewe yamepangwa kuanza mwaka 2039."

Mwalimu wa Fizikia, Morogoro alijibu:

Vizuri sana, ila umeteleza palepale. Umeandika "umeme wa megawati 50". Andika "joto la megawati 50", kwa kuwa umeme utakaovutwa ili kulipata joto hilo ni mwingi zaidi, na yule mama atakuuliza.