Je, mtoto mwenye upungufu wa kortisoli aongezewe dawa kabla ya mbio za shule?

Mama wa Tororo

Ndugu wazazi na wahudumu wa afya, naomba ushauri wenu. Binti yangu ana miaka 9, na tangu uchanga anatibiwa ugonjwa wa kuzaliwa nao wa tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo, ambazo kwake hazitoi homoni za kutosha: si kortisoli, inayousaidia mwili kukabili maradhi, wala ile ya kuhifadhi chumvi mwilini. Anameza haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kortisoli, mara tatu kwa siku pamoja na fludrokotisoni ya kuhifadhi chumvi, na anaendelea vizuri. Sasa amechaguliwa kukimbia mita 400 katika mashindano ya shule. Bibi yake anasema asikimbie kabisa. Shangazi yake anashauri nimpe kidonge cha ziada cha haidrokotisoni asubuhi hiyo. Sipendi kumnyima mtoto furaha hii, lakini naogopa asije akazirai uwanjani nami niko mbali.

Muuguzi wa watoto, Mbale

Mama, mwache binti akimbie, na umpe dawa zake za kila siku bila nyongeza. Shangazi ana sababu ya kusema hivyo, kwa maana mwili wenye afya hutoa kortisoli nyingi zaidi unapougua, nasi tunamwongezea mtoto dozi akipata homa ya nyuzi 38 na zaidi, akiumia vibaya au akifanyiwa upasuaji. Mbio za shule hazimo katika orodha hiyo. Mwongozo wa wataalamu wa homoni uliotolewa Marekani mwaka 2018 unapendekeza dozi isiongezwe kwa ajili ya mazoezi ya kawaida. Hata kabla ya hapo, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwapa vijana wenye ugonjwa huu dozi ya ziada kabla ya mazoezi makali ya muda mfupi, na haikuonekana kuwapa nguvu zaidi wala kuwapandishia sukari ya damu.

Sukari hiyo hukataa kupanda kwa sababu tezi zao hazitoi pia adrenalini ya kutosha, homoni inayosaidia kupandisha sukari. Basi kinachomfaa ni chakula: asikose uji asubuhi, na awe na ndizi mbivu karibu. Nyongeza za mara kwa mara zinaniogopesha kuliko mbio zenyewe, kwani haidrokotisoni ikizidi humnenepesha mtoto na kumzuia kurefuka. Ila akiamka na homa au akitapika siku hiyo, asikimbie.

Baba wa wawili, Jinja

Mwanangu wa kiume ana ugonjwa huo huo na anacheza mpira. Nitasema juu ya chumvi tu, maana jua la huku si la mchezo kwa mtoto ambaye mwili wake hauwezi kuishikilia: hutoka na jasho, na maji matupu hayairudishi. Daktari wetu alituruhusu kumpa karanga zenye chumvi na maji ya kutosha wakati wa mazoezi. Wewe muulize daktari wako kiasi kinachomfaa binti.

Mwalimu wa michezo, Soroti

Mama, tafadhali usimfiche mwalimu hali ya mtoto. Andika barua yenye jina la ugonjwa, dawa anazotumia, nambari yako ya simu na dalili za hatari, yaani kizunguzungu, kutapika, kulegea na usingizi usio wa kawaida. Pale shuleni kwetu barua kama hiyo hukaa katika mfuko wa huduma ya kwanza, nao hufika uwanjani kabla ya mpira.

Mama wa Tororo

Asanteni sana. Na ikiwa atapenda mbio ndefu za nyika atakapokuwa mkubwa?

Muuguzi wa watoto, Mbale

Juhudi ya saa nyingi ni suala jingine, na mipango yake ipangwe na daktari wa homoni za watoto, kwa mfano katika kliniki ya hospitali ya Mulago, Kampala. Kwa sasa, mwombe daktari sindano ya dharura ya haidrokotisoni: kwa umri wa binti yako kwa kawaida ni miligramu 50, huchomwa kwenye msuli wa paja. Mtu mmoja shuleni afundishwe kuichoma, na akishaichoma mtoto apelekwe hospitali mara moja, hata kama anaonekana amepata nafuu.