Nishani za wauguzi wa vita (Ujerumani): nimepigwa au nimeokota dodo?

Nesi wa Leipzig
Wakuu, habari za Jumapili. Mimi ni nesi, nina mwaka wa nne huku Leipzig. Ugonjwa ulionishika ni nishani walizopewa Wajerumani waliouguza majeruhi wa vita, pamoja na wale waliosaidia wakiwa nyumbani. Nilianza na ile medali ya chuma ya 1916: mwanamke kapiga magoti anatoa vito vyake, na maneno "Gold gab ich zur Wehr, Eisen nahm ich zur Ehr", yaani nilitoa dhahabu kwa ulinzi, nikapokea chuma kwa heshima. Walipewa watu waliopeleka dhahabu zao kwa serikali. Niliipata kwa bei ya chakula cha mchana, nikanogewa.

Jana kwenye mnada wa vitu vya kale mzee mmoja akanitolea msalaba wa ncha nane, katikati umeandikwa "Für Kriegs-Hilfsdienst", yaani kwa huduma ya kusaidia vita. Umefifia, rangi ya kijivu, na kwenye kona una unga mweupe kama chumvi. Akaniapia ni fedha tupu, euro 90. Nikatoa. Usiku usingizi ukakata. Na bado ameniwekea mwingine mweusi wenye msalaba mwekundu katikati, wa 1871, anataka 150. Huu wa kwanza ni fedha kweli? Niusugue na nini ung'ae? Na ule mweusi niufuate?

Kabati la Babu
Dada, pole, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Huo ni msalaba wa Prussia (dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati ule), Verdienstkreuz für Kriegshilfe, msalaba wa sifa kwa msaada wa vita. Kaisari Wilhelm II aliuanzisha Desemba 1916, shaba yote ikiwa inaliwa na viwanda vya silaha, kwa hiyo ukatengenezwa kwa zinki. Walipewa wanaume kwa wanawake, wengi mno. Mimi ninao miwili, na niliyolipia zaidi ni euro 20.

Na tafadhali USISUGUE. Siki, ndimu, dawa ya meno, vyote viweke mbali, zinki inalika. Ule unga mweupe ni unyevu umeshaanza kazi. Futa kwa kitambaa kikavu, weka pakavu, basi.

Fundi Mizani
Za kuambiwa changanya na za kwako. Sumaku haitakusaidia hapo, maana haivuti fedha wala zinki. Itakufaa kwa ile ya 1916, na kwa medali ya vita ya 1870/71: ya wapiganaji ni shaba ya mizinga iliyotekwa, ila ya madaktari, wauguzi na wengine wasiopigana ni chuma cha pua, imeandikwa "Für Pflichttreue im Kriege", yaani kwa uaminifu kazini wakati wa vita. Ya pili hiyo ndiyo yako wewe nesi.

Kwa huo msalaba chukua mizani ya jikoni inayosoma pointi. Pima uzito. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, uning'inize msalaba kwa uzi uzame bila kugusa chini. Gawa uzito wa kwanza kwa namba utakayoiona. Ikija 7 na kitu, zinki. Fedha ni 10 na nusu. Toa utepe kwanza, na ukimaliza kausha vizuri.

Mjukuu wa Mpagazi
Samahani nitaharibu uzi. Babu zetu walibeba mizigo ya vita hiyohiyo ya huo msalaba wa 1916, Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani upande huu, Waingereza upande ule, wakafa njiani kwa njaa na kuhara. Kilichobaki ni jina la Kariakoo. Halafu sisi tunatoa euro 90 kwa msalaba wa Kaisari?

Nesi wa Leipzig
@Mjukuu wa Mpagazi sikatai. Ila mimi nikishika hivi vitu namuona dada wa zamu ya usiku, simuoni Kaisari. Labda najidanganya.

Mama Utepe
Ule mweusi ni Verdienstkreuz für Frauen und Jungfrauen, msalaba wa "wanawake na wanawali" (ndivyo walivyoandika!). Wilhelm I aliuanzisha 22 Machi 1871, siku yake ya kuzaliwa, kwa wanawake waliohudumia majeruhi wa vita na Ufaransa. Ni adimu, na nakala zimejaa. Kwa 150 mimi ningeuogopa zaidi kuliko ungekuwa 600. Mulika utepe kwa ile taa ya kukagulia noti bandia: ukiwaka buluu, uzi ni wa kisasa. Usipowaka bado hujapona, maana utepe wa zamani hufungwa kwenye nakala.

Mwulize kama una cheti chake. Kwangu karatasi yenye jina la nesi na hospitali aliyofanya kazi inazidi chuma chenyewe. Na ukikuta nishani za Msalaba Mwekundu za baada ya 1937 zina swastika, usibandike picha hadharani, huko ni kesi.

Nesi wa Leipzig
Mrejesho. Gramu 16.4, kwenye maji 2.3. Nimegawa mara tatu, 7.1 kila mara. Nimemfuata mzee na mizani yangu kwenye mfuko wa Rambo. Hakubishana, amenirudishia 60 na msalaba nimebaki nao. Ule mweusi utepe wake umewaka kama taa za disko. Kuhusu cheti, akasema kilipotea mafuriko. Yapi, hakusema.

@Fundi Mizani, hiyo ya chuma cha pua naanza kuitafuta wapi?