Mwenyekiti wa mwalo: kura nyingi, duru ya pili, au kupanga majina?

Igombe_Kwetu
Wakuu, salaam. Mwalo wetu wa wavuvi unajiandaa kuchagua mwenyekiti wa kikundi na wanaotajwa ni watatu: tajiri mwenye mitumbwi, mama mwanika dagaa na fundi wa injini. Nimekaa na daftari nikatunga mfano wa wanachama 40, nikapanga kila kundi linamtaka nani kwanza, nani wa pili, nani mwisho:

17: tajiri, fundi, mama
13: mama, fundi, tajiri
10: fundi, mama, tajiri

Tukihesabu chaguo la kwanza tu, tajiri kashinda kwa kura 17. Tukienda duru ya pili, fundi anatoka, watu wake 10 wanahamia kwa mama, na mama anashinda 23 kwa 17. Tukitoa alama 2 kwa wa kwanza, 1 kwa wa pili na sifuri kwa wa mwisho, fundi anapata 50, mama 36, tajiri 34. Wapiga kura ni walewale na hakuna aliyebadili mawazo. Tupeleke ipi mkutanoni?

Mzee_Kirumba
Mwenye kura nyingi apewe kiti. Rais wetu wa Tanzania tunampata hivyo tangu Katiba irekebishwe mwaka 2000. Kabla ya hapo ilibidi avuke nusu. Mnahesabu mara moja, kila mtu anaona, mnarudi kazini.

Dala_Kisumu
Shikamoo mzee. Huku Kenya, upande wetu wa ziwa, kanuni hiyo ilituumiza. Mwaka 1992 Moi alirudi Ikulu akiwa na takriban asilimia 36, kwa sababu Matiba, Kibaki na Jaramogi waligawana zaidi ya asilimia 60 iliyobaki. Siwezi kuapa kwamba kura za mmoja zingehamia zote kwa mwenzake, lakini wananchi hawakuulizwa. Katiba ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Ndiyo maana mwaka 2022 tulihesabu desimali: Ruto alipita kwa asilimia 50.49.

Mwalimu_Hesabu
Ongeza Malawi. Mwaka 2019 Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57, Chakwera akiwa na 35.41 na Chilima 20.24. Februari 2020 mahakama ikafuta matokeo kwa kasoro na kuagiza kwamba mshindi lazima avuke nusu. Chilima akakubali kuwa mgombea mwenza wa Chakwera, na Juni wakashinda kwa karibu asilimia 59. Hapo kanuni ilifanya kazi kabla hata ya kura kupigwa: iliwalazimisha waliokuwa wakishindana kukaa meza moja.

Ila duru ya pili nayo ina ubaya wake, na daftari lako linauonyesha vizuri. Mshindanishe fundi na tajiri peke yao: fundi 23, tajiri 17. Mshindanishe na mama: fundi 27, mama 13. Anawashinda wote wawili, lakini duru ya kwanza imemtoa! Ufaransa mwaka 2002 walikuwa na wagombea 16. Jospin akaachwa nje kwa asilimia 16.18 dhidi ya 16.86 za Le Pen, na katika duru ya pili wapiga kura wakamchagua Chirac kwa zaidi ya asilimia 82. Mimi naona kosa kubwa zaidi la kanuni yoyote ni kumtupa mtu ambaye wengi wangempokea.

MamaChanja
Mwalimu, tatizo la alama ni kwamba zinachezewa. Nami naanika dagaa, kwa hiyo huyo mama ni mwenzangu. Tuseme sisi 13 tunamwogopa fundi, tukamshusha mkiani na tajiri tukamweka wa pili. Nimehesabu: tajiri 47, fundi 37, mama 36. Ujanja wetu unampa kiti yule tusiyemtaka kabisa.

Na hamjagusa tarehe. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mkiita uchaguzi kipindi hicho, vibarua wako ziwani au wamelala hoi, na wanaobaki kuamua ni matajiri na wachuuzi. Fanyeni wakati wa mbalamwezi, watu wakiwa nchi kavu. Duru mbili kwa siku mbili tofauti msijaribu, siku ya pili hawatarudi.

Igombe_Kwetu
Mama, la tarehe nimelichukua lilivyo. Basi napendekeza hivi: karatasi moja, mtu anaandika 1, 2, 3 mbele ya picha za wagombea. Tunashindanisha wawili wawili, jozi tatu tu. Anayewashinda wenzake wote ndiye mwenyekiti.

Mwalimu_Hesabu
Sawa, ila andikeni kabisa mtafanya nini wakizungukana: wa kwanza anamshinda wa pili, wa pili anamshinda wa tatu, wa tatu anamshinda wa kwanza. Condorcet, mwanahisabati Mfaransa, alilionyesha hilo mwaka 1785. Likitokea, karatasi hizohizo zitumike kwa duru ya pili, mwenye namba 1 chache atoke. Na mlipitishe kabla fomu za kugombea hazijachukuliwa.

Mzee_Kirumba
Jozi tatu nazikubali, mradi kila karatasi isomwe kwa sauti na ubao wa hesabu usimame nje, kwenye chanja, wasije wakatuletea jumla kutoka chumbani.